Kwako Fundi wa Makochi, Uliyewashonea Paka Panya wa Mahameli

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu Mungu alipokuita kutoka kitanda cha hospitali, nasi tukarudi nyumbani na viatu vyako ndani ya mfuko. Tunamshukuru kwa siku alizokupa, na kwa kutushika mkono mpaka leo.

Watu wengi walikujua kwa makochi. Kochi lililofika kwako limebonyea liliondoka limenyooka mgongo, na mwenyewe akianza kukusifu ulimwambia, "Kaa kwanza, utasifu baadaye." Lakini humu ndani tulikujua kwa jambo jingine. Vipande vilivyobaki mezani hukuvitupa. Uliviweka kwenye ndoo ya bluu, na kazi ikipungua ukawashonea paka vya kuchezea. Ulimshonea paka wetu Mkaguzi, ambaye tulimpa jina hilo kwa kuwa hakuna mfuko ulioingia nyumba hii asiuchungulie. Ukawashonea wa majirani, na wa watu tusiowajua waliosimama mlangoni na kuuliza kwa aibu, "Hapa ndipo kwa fundi wa panya?"

Ulikuwa na masharti, wewe! Panya wa mahameli hakuwekewa macho ya vifungo, maana kifungo hung'oka na paka humeza. Mkia uliusuka kwa kitambaa, uzi mtupu hukuuacha uning'inie hata kidogo. Ulisema uzi ukishaingia tumboni mwa paka ni msiba. Lile bomba la karatasi ngumu linalobaki jora la kitambaa likiisha, ulilitoboa matundu, ukatia chembe za samaki mkavu, ukaziba ncha zote mbili, na Mkaguzi akahangaika nalo chini ya meza mpaka atoe chembe ya mwisho. Na kila ulichoshona ulikivuta kwa meno kabla ya kumpa mtu. Mimi nikikucheka, "Baba mzima anang'ata panya," unanijibu mdomo umejaa, "Bora king'oke kwangu."

Mimi ni mtu wa kushuku, na wewe ulilijua hilo kabla hujanioa. Siku moja nilikuona unatoka na panya mfukoni kwenda kwa mwalimu mstaafu wa ghorofani, nikakufuata kwa ngazi bila viatu. Nikakukuta umelala kifudifudi sakafuni kwake unamkokota panya, paka wake anakurukia, na yule mama, ambaye kiuno kilikuwa hakimruhusu kuinama, anacheka mpaka anafuta machozi. Uligeuka ukaniona mlangoni. Hukuuliza nimefuata nini. Ulisema tu, "Njoo ushike upande huu."

Sasa nina jambo la kukuambia, na ninalisema mbele ya watu ili watu wasiliseme kabla yangu. Kuna mtu anamletea paka wako vya kuchezea.

Ni Mzee Misumari, mwenye duka la vifaa pale kona, aliyekuwa akikuuzia sponji. Mke wake alitangulia zamani, unajua. Katika miaka yote aliyokaa kwenye benchi lako akipiga soga, sikuwahi kumwona akimgusa Mkaguzi hata kwa ncha ya kiatu. Msiba haujapoa, akaja na mpira wa waya.

"Nimemletea bwana mdogo," akasema.

"Bwana mdogo yupi?"

"Mkaguzi."

"Wa waya?"

"Utadumu, shemeji."

"Mpira utadumu. Jicho la paka je?"

Akaondoka nao. Nilifunga komeo, nikasimama nyuma ya mlango nikiwaza. Mwanamume haachi duka wazi, jua la utosi, kwa ajili ya paka.

Akaja tena na kopo lenye kengele iliyogandishwa kwa gundi. Nikaivuta kwa meno kama ulivyokuwa ukifanya, kengele ikabaki mdomoni mwangu, naye ananitazama. Nikamrudishia vyote viwili. Safari nyingine ikawa manyoya yaliyofungwa kwenye kijiti kwa uzi mrefu wa kutosha kuanikia nguo. Nao nikaurudisha. Kiti sikumpa. Alisimama barazani, mimi kizingitini, na wakati tunazungumza habari za paka macho yangu yalikuwa kwenye mambo mengine. Shati limepigwa pasi. Ndevu zimenyolewa katikati ya wiki. Na ile "shemeji" aliyokuwa akiitia kila anapovuta pumzi imeanza kupungua.

Dada yako mkubwa, ambaye hunitembelea kila Jumamosi na kiti chake ni kile cha dirishani, hakukawia.

"Wifi, huyo anamtega paka au mwenye paka?"

"Muulize mwenyewe, wifi."

"Nitamuuliza! Mtu mzima anavuka barabara na manyoya mkononi kama aliyeiba kuku!"

Binti yetu Kasuku, mdomo wake unaujua, akadakia kutoka jikoni: "Shangazi, mwache. Yeye angalau anakuja na kitu. Wengine wanakuja na maneno."

Wifi alinuna mpaka wakati wa kuondoka.

Jambo hili nililipeleka kwenye maombi. Sikuomba aje, wala sikuomba asije. Niliomba nione. Mjane akikosea kumfungulia mtu mlango, hachafuki peke yake. Unachafuka wewe uliyelala, na anachafuka binti ambaye bado anahitaji kupita mtaa huu kichwa juu. Kwa hiyo nikaendelea kumweka barazani, mvua au jua.

Mwezi uliopita akaleta samaki wa kitambaa. Nikamgeuza huku na huku nikitafuta uzi, sikuuona. Macho yametariziwa. Nikavuta mkia kwa meno, nikavuta mapezi, nikavuta tumbo, hakuna kilichotoka. Ncha zimerudishwa ndani ya mshono kama unavyofanya wewe. Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka ya kweli, kuliko hata siku ya waya.

"Nani amekushonea?"

"Nimeshona mimi."

"Mzee Misumari, wewe juzi ulikuwa unagandisha kengele kwa gundi."

"Ni kweli."

"Ni mwanamke gani?"

Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyokusudia. Kasuku akachungulia. Yule bwana akaninyooshea vidole. Vilikuwa vimetobolewatobolewa kama chujio.

"Kabla ya huyu nimeharibu samaki wengi," akasema. "Wako chini ya kaunta. Mtu anakuja kununua kitasa, anakuta nashona pezi. Wananicheka mpaka wanasahau kitasa."

Ndipo akasema jambo ambalo mwaka mzima hakuwa amelisema. Kwamba alipokuja kukuona hospitali, mimi nikiwa nimeshuka kufuata dawa, ulimshika mkono ukamwambia, "Yule paka asikose cha kuchezea. Na nyuzi uzifiche."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

"Nisingekuamini."

"Na sasa?"

"Sasa vilevile."

Akacheka. Mimi nilijizuia mpaka alipovuka barabara.

Mume wangu, maneno hayo yanafanana na wewe. Lakini mtu aliyekaa kwenye benchi lako miaka yote ile anaweza kukuiga hata kikohozi, na wewe huwezi kuinuka ukasema ndiyo au siyo. Na hata kama ulimtuma kwa paka, sijasikia kwamba ulimtuma kunyoa ndevu. Hilo ni lake.

Basi nimeamua hivi. Chumba chako cha kazi hakijafunguliwa tangu ulipotutoka. Jumamosi hii nitakifungua, nikifute vumbi. Mzee Misumari ataingia kwa mlango wa mbele, mchana, mtaa mzima ukiona. Kasuku atakuwepo, na wifi atakuwa kwenye kiti chake. Tutawashonea panya wale paka ambao wenye nao bado wanakuja kukuulizia, na mimi nimechoka kuwaambia hayupo. Mlango utabaki wazi. Mishono nitakagua mimi. Akiacha sindano akaanza habari nyingine, atanikuta macho.

Samaki nimempa Mkaguzi. Anatembea naye mdomoni nyumba nzima kama aliyemvua mwenyewe.

Tangazo hili nusura litugombanishe. Wifi hakutaka yule bwana aandikwe. "Watu watasemaje?" Nikamwambia watu watasema tu, afadhali waseme walichosoma. Kasuku akasema mtu aliyejitoboa vidole kwa ajili yako ana haki ya kukukumbuka hadharani. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wifi akasema, "Haya, aandikwe, lakini baada ya paka." Hapo nikamkubalia.

Unakumbukwa na mimi mkeo, ambaye bado ninalala upande wangu wa kitanda. Na binti yako Kasuku, anayetusemea sote hata tusipomtuma. Na dada yako mkubwa, anayekulilia akidhani hatumwoni. Na wateja wako, walioketi vizuri. Na mwalimu wa ghorofani. Na Mkaguzi.

Na Mzee Misumari, ambaye bado namchunguza.

Mungu akupumzishe kwa amani. Kukusahau hatujui, na hatutajifunza.