Kikao cha Dharura Kuhusu Mama wa Ukurasa wa Tisa

KAMATI YA MAZINGIRA, JAMII NA UTAWALA BORA YA KIWANDA CHA DAWA

Kilifanyika Jumanne, tarehe 11 Machi, katika chumba cha mafunzo, kwa kuwa chumba cha mikutano kilikuwa kinapakwa rangi kwa ajili ya wageni.

Waliohudhuria:
1. Mwenyekiti (ndiye Meneja wa Uzalishaji)
2. Afisa Uhusiano
3. Mfamasia wa Ubora
4. Mtunza Ghala
5. Katibu

Aliyekuwepo bila kualikwa: mtoto wa Katibu, miezi mitano, kwa sababu bibi yake anayemlea alikwenda kliniki kutazamwa miguu.

Asiyekuwepo: Mhasibu, kwa udhuru wa kazi nyingi. Alionekana kantini.

KUMB. NA. 1/03: KUFUNGUA

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuja mbio. Alieleza kwamba wanunuzi wakubwa wa dawa yetu ya kikohozi ya watoto watafika Alhamisi, kuangalia kama yaliyoandikwa kwenye Ripoti ya Uwajibikaji yapo kweli. Wakiridhika, wataendelea kununua. Wasiporidhika, tutabaki na chupa zetu na kikohozi chetu. Mtoto alipiga chafya. Mwenyekiti alisema hiyo ihesabiwe kuwa imeungwa mkono.

KUMB. NA. 2/03: MITI

Afisa Uhusiano alisema upande wa mazingira hauna shida. Mfamasia aliuliza unakosaje shida, wakati kila mwaka mti unapandwa kwenye shimo lile lile, kwa kuwa hapo ndipo bango la kampuni linapoonekana vizuri.

"Dada, mti unapandwa, picha inapigwa. Uongo uko wapi?" Afisa Uhusiano alisema.

Mfamasia alijibu kwamba ripoti ina miti sita na uwanja una shimo moja. Aliongeza kwamba hiyo miti haifi kwa jua, inakufa kwa maji ya kusuuzia mapipa ya sharubati ya kikohozi, ambayo hukatiza hapo yakielekea mtaroni.

Iliazimiwa: bomba la maji hayo ligeuzwe liende kwenye tangi la kusafishia maji machafu kabla mti mwingine haujaletwa kufa. Ripoti iandikwe "mti mmoja, bado tunajaribu."

KUMB. NA. 3/03: CHUMBA CHA MAMA WANAONYONYESHA

Mwenyekiti alisoma ukurasa wa tisa wa ripoti, unaosema chumba cha mama wanaonyonyesha kilifunguliwa Januari. Kuna picha ya mama amekaa kwenye kiti kizuri, ameipa kamera mgongo, amejitanda mtandio, amepakata kitu. Chini yake pameandikwa: "Mfanyakazi wetu akifurahia chumba chake." Wanunuzi wameomba wakija wakutane na mama huyo wapige naye soga.

Mwenyekiti aliuliza mama huyo ni nani. Mtunza Ghala alinyanyua mkono.

"Ni mimi, Mzee."

Mtunza Ghala alieleza kwamba siku ya picha kina mama wote walikuwa zamu ya kufungasha, na Afisa Uhusiano alikuja anahema akamkuta yeye. Alichopakata ni katoni ya dawa iliyoviringishwa taulo. Ripoti ilipotoka, mke wake alimtambua kwa mabega, na tangu hapo nyumbani anaitwa Mama.

Mwenyekiti alisema kumbe ndiyo maana siku ile alitafuta kiti chake mpaka akachoka.

Ilielezwa kwamba chumba chenyewe kipo, ila kimejaa fulana za "TUNAJALI", mabango ya Siku ya Mazingira na mizani mbovu.

Afisa Uhusiano alipendekeza kwamba Alhamisi Katibu akalie kiti hicho na mwanawe, aseme anakitumia chumba tangu Januari. "Mbona si uongo, Mama Kichanga? Mtoto ni wako, na kunyonyesha unanyonyesha."

Mwenyekiti alisema wazo si baya. Alikumbusha pia kwamba mkataba wa Katibu unajadiliwa mwisho wa mwezi. Imeandikwa kama ilivyosemwa.

Katibu alijibu kwamba kiti atakikalia hata sasa hivi, maana mgongo wake unakidai, lakini mdomo wake hauazimishwi. Alieleza kwamba tangu atoke likizo ya uzazi hukamulia maziwa chooni, amesimama, amezuia mlango kwa mguu kwa sababu komeo limekatika.

"Wakiniuliza nitawaambia hivyo hivyo. Nimechoka, Mzee, na mtu aliyechoka hakumbuki uongo vizuri."

Afisa Uhusiano alilalamika kwamba wengine wanajenga na wengine wanabomoa. Mfamasia alimwambia mficha uchi hazai. Mtunza Ghala alisema yeye aliuficha na akazaa katoni. Wajumbe walicheka. Mwenyekiti naye alicheka, akaomba isiandikwe.

Wakati huo mtoto alianza kulia kwa njaa. Mwenyekiti alimwomba Katibu atoke naye nje kidogo, kikao kiendelee.

Katibu aliuliza, "Nje wapi, Mzee?"

Mwenyekiti alimtazama Afisa Uhusiano. Afisa Uhusiano alitazama ripoti. Mtoto aliendelea kulia. Mwenyekiti alisimama, akachukua funguo mezani.

Iliazimiwa:
(a) Chumba kiondolewe vitu sasa hivi, na wajumbe wenyewe. Fulana ziende ofisini kwa Afisa Uhusiano, apate kuzijali kwa karibu.
(b) Ukurasa wa tisa usahihishwe: chumba kimefunguliwa leo.
(c) Wanunuzi waelezwe ukweli wa picha. Mtunza Ghala aliomba atambulishwe kwa cheo chake, si kwa jina la nyumbani.
(d) Kiti cha Mwenyekiti kihamie chumbani. Mwenyekiti alisema hata hivyo kilikuwa kinamuumiza kiuno.

Katibu aliomba maneno kuhusu mkataba wake yasomwe tena, wajumbe wayathibitishe. Mwenyekiti alifafanua kwamba alikuwa anakumbusha tarehe tu. Katibu alishukuru kukumbushwa, na tarehe ameiandika.

KUMB. NA. 4/03: KUFUNGA

Kikao kilifungwa saa tano na nusu, wajumbe wakiwa wamebeba maboksi. Mhasibu alipita, akaambiwa ashike upande mmoja wa mizani.

Kumbukumbu hizi zimeandikwa ndani ya chumba husika, mtoto akiwa amelala. Mlango bado hauna kitasa. Mtunza Ghala amekaa nje kuulinda, ameuegemea kwa mgongo ule ule wa ukurasa wa tisa.

Mwenyekiti: ........................ (amesaini amesimama)

Katibu: ........................ (amesaini amekaa)