Viunganishi Vitatu vya Bure

Jumatatu, 3 Machi

Stima imepotea tena, kiunganishi cha kwanza kikiwa katikati ya kazi. Nimekaa tu nangoja jenereta.

Hospitali ina mifumo mitatu ya kompyuta isiyosalimiana. Usajili, maabara, wodi. Matokeo ya damu yanachapishwa maabara, yanabebwa kwa mkono, yanapotea njiani. Mimi na Lilian tumepewa kazi ya kutafuta programu ya bure ya kukaa katikati, ipokee ujumbe huku na kuupeleka kule. Vitabu vinaiita basi la huduma. Sisi tunasema kiunganishi. Tumebaki na vitatu vya kulinganisha.

Mwisho wa mwezi bodi inaamua. Tukifaulu, sawa. Tukishindwa, kazi inapewa kampuni ya Nairobi na ofisi yetu inafungwa. Nilikaa Nairobi, nikaichukia kila asubuhi. Sitaki kurudi.

Jumatano, 5 Machi

Lilian amevipa majina. Mzito, Mwepesi, Yatima.

Mzito ana kila kitu, hata usichohitaji. Lakini seva yetu ni kuukuu. Ukimwasha unaenda kunywa chai, unarudi, bado anawaka, na mfumo wa usajili umeganda. Mwepesi anawaka kabla hujakaa vizuri. Ila amekuja mikono mitupu, kila njia unaiandika mwenyewe.

Yatima ndiye niliyempenda. Msafi, maelezo yake yanasomeka. Halafu nikaingia kwenye jukwaa la watumiaji wake. Maswali tupu, hakuna anayejibu mtu. Waliomtengeneza wamehamia mambo mengine. Nimeuliza swali langu hata hivyo. Ujinga.

Ijumaa, 7 Machi

Leo jaribio la stima. Tumechomoa waya makusudi ujumbe ukiwa njiani.

Mzito alirudi na ujumbe wote. Yatima alirudi akautuma kila mmoja mara mbili. Mwepesi alipoteza kila kitu. Nimeshinda nikimwandikia foleni, ujumbe ukae kwenye diski hadi upokelewe. Sasa hapotezi. Lilian anasema nimeacha kulinganisha, nimeshachagua, natafuta tu sababu. Pengine ni kweli.

Jukwaa la Yatima bado kimya. Tumemtoa.

Jumanne, 11 Machi

Shida si viunganishi. Shida ni sisi watu wa huku Kisumu.

Mwanamke mmoja, leo. Usajili: Faith Atieno. Maabara: Atieno Faith. Wodini: Nyar Seme, kwa sababu muuguzi amemwandika binti wa kutoka Seme, vile tunavyowaita wake za watu kwa jina la kwao. Na kila mfumo una namba zake za wagonjwa. Ule wa maabara uliletwa na wafadhili, haturuhusiwi kuugusa. Kwa hiyo kiunganishi kinafika na matokeo mkononi na hakijui kimpe nani.

Nimekasirika mchana kutwa. Hata dagaa wangu wa omena sikuwamaliza.

Jioni nikaamua. Majina nayatupa. Tarehe ya kuzaliwa, jinsia, simu, mtaa. Vyote vinne vikilingana, huyo ni mtu mmoja. Lilian akapitia, akasema iko sawa.

Alhamisi, 13 Machi

Tumeanza na wodi ya watoto, kwa Mwepesi. Anafanya kazi. Matokeo yanafika wodini kabla aliyepima hajavua glavu. Daktari mkuu alikuja mwenyewe kuangalia. Akasema, "Kumbe ya bure nayo inafanya kazi." Akaagiza karatasi zisimamishwe wodi hiyo.

Lilian alifurahi. Mimi sikufurahi. Nimezoea vitu kuharibika, kikienda sawa natafuta mahali patakapopasuka. Nimetafuta hadi jioni. Sikupaona.

Jumatatu, 17 Machi

Ripoti ya bodi imekwisha. Kasi, ukubwa wa seva, kuhimili stima kukatika, watu wa kukusaidia ukikwama. Kila kiunganishi na alama zake. Mwepesi anaongoza.

Tulikula samaki ufukweni Dunga, mimi na Lilian. Alizungumza habari za kuajiri mtu wa tatu. Nilimwacha aseme.

Jumanne, 18 Machi

Mtoto amerudishwa hospitali akiwa hoi. Anaitwa Adongo. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Yuko kwenye oksijeni.

Jumamosi mama yao aliwaleta wote wawili kupimwa damu, Adongo na pacha wake Apiyo. Damu ya Adongo ilikuwa imeshuka vibaya. Ya Apiyo ilikuwa nzuri. Siku moja ya kuzaliwa. Wasichana wote. Simu moja, ya mama. Mtaa mmoja. Kiunganishi kikasema huyu ni mtu mmoja. Matokeo ya Apiyo yalikuja nyuma yakafunika ya Adongo. Daktari wa zamu akaona damu nzuri kwenye kompyuta, akamruhusu aende nyumbani. Zamani karatasi ingekuwa na jina lake.

Pacha. Huku, karibu kila ukoo una pacha wake, Opiyo na Odongo, Apiyo na Adongo. Anayezaliwa baada yao anaitwa Okello. Mimi naitwa Okello. Nimelala kitanda kimoja na Opiyo na Odongo hadi nikaenda shule ya bweni. Nikakaa pale ofisini nikaandika kwamba watu wawili hawawezi kuwa na siku moja, simu moja na mtaa mmoja.

Nimejifungia chooni. Lilian alisimama nje ya mlango hadi nikatoka.

Alhamisi, 20 Machi

Kikao cha dharura cha bodi. Kiunganishi kimezimwa, karatasi zimerudi. Mwenyekiti akasema si mnaona, vitu vya bure. Lilian alijaribu kueleza kwamba programu haina kosa, hata ile ya kulipia ingefanya vivyo hivyo ikiambiwa vile. Hawakumsikiliza. Mimi sikumsaidia. Ripoti ilikuwa mbele yao. Ukurasa baada ya ukurasa nimelinganisha, na hakuna mahali nimeuliza kitajuaje mtoto ni yupi.

Kampuni ya Nairobi inakuja. Daktari mkuu aliniita kando. Familia isiambiwe lolote hadi wakili aseme. Nikinyamaza, huenda kampuni ikanichukua, nibaki hapahapa Kisumu. Nilisema sawa, Daktari. Nilisema haraka sana. Najichukia.

Ijumaa, 21 Machi

Hali ya Adongo ni ileile. Kazi hakuna. Lilian amebeba vitu vyake kwenye katoni.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani. Nilitoka nyumbani Mamboleo nikashuka hospitali, nikaingia wodi ya watoto saa ya kuona wagonjwa.

Adongo hafumbui macho. Madaktari wanapita, hawasemi sana. Mama Apiyo alikuwa kando ya kitanda, Apiyo amemlalia mapajani. Hanijui. Alinisogezea benchi akaanza kusimulia, vile anavyosimulia kila anayepita. Kwamba ile Jumamosi walifika nyumbani wamechoka. Makaa yalikuwa yamekwisha. Akawaogesha watoto kwa maji baridi ya ziwa, na anajua kabisa mtoto wa selimundu haogeshwi maji baridi. Amekatazwa mara nyingi. Mama mkwe amesema baridi ndiyo iliyoingia kwenye damu. Naye anaamini hivyo. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ni mimi nilimwogesha."

Nikamwambia. Jina langu, kazi yangu, nilichoandika. Kwamba damu ilikuwa imeshuka asubuhi hiyo, kabla ya maji yoyote. Kwamba Adongo hakupaswa kutoka hapa. Nilisema kwa Dholuo, lugha yetu, polepole, sikuacha kitu. Muuguzi alikuwa kitanda cha pili, alisikia. Kesho watajua.

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige.

Alimtazama Adongo.

"Kumbe si maji," akasema.

Kisha akamwinua Apiyo akanipa nimshike, akaenda msalani. Hakuwa ametoka pale tangu asubuhi.