Mpelelezi Asiyekanyaga Majivu

Kijiji cha Ujamaa,
S.L.P. Sepuka,
Singida.
14 Juni 1975

Mpwa wangu mpendwa Filipo,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako. Hujambo huko Tanga? Mkeo Cecilia kifua chake kimepona? Watoto wanakula vizuri? Sisi huku wazima. Miguu inaniuma asubuhi, lakini macho bado makali na meno yaliyobaki yanatosha nyama. Mtama tumevuna, si haba. Uwele ndege wamekula.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, leo siku ya tatu. Mtu asikudanganye kwamba ni ya karani. Katika darasa letu la watu wazima tuko wazee kumi na tisa, na anayesoma gazeti mpaka mwisho ni mmoja tu, nawe unamjua.

Uliniomba nikuambie kama Koplo Tamimu, huyo mpelelezi uliyemtunga, anafaa, na kitu gani kitawafanya watu wampende. Vijitabu vyote vitatu nimevimaliza. Ninakujibu, Filipo, lakini nakujibu kwa hofu.

Kinachonivuta si bastola yake. Bastola yeyote akipewa atapiga. Kinachonivuta ni kwamba watu wote wameingia chumba kile kile, wamekiona kikombe kile kile, na ni yeye peke yake anayeuliza kwa nini kina vumbi ndani. Hapo nilipiga paja. Nikasema, huyu ni mimi. Ng'ombe wa babu yako walipoibwa, nani aliwafuata kwa nyayo siku mbili mpaka akawakuta wanakunywa maji? Tena Koplo hapendi kuchekwa. Hapo pia ni mimi kabisa.

Sasa sikiliza. Mwezi wa nne maksai wawili wa plau ya kijiji waliibwa zizini. Mvua ilikuwa imenyesha, matope laini. Kando ya kwato nikaona nyayo za katambuga, hizi ndala zetu za tairi, na kisiginoni pengo dogo kama harage. Tulizifuata mpaka kwenye miamba, zikaisha. Mgambo wakakata tamaa. Mimi nikasema ngojeni, nyumbani nina Koplo Tamimu.

Nikamwambia mwenyekiti wa kijiji awaite wanaume wote, kama Koplo anavyowakusanya watu sebuleni. Nikamwaga majivu niliyoyachekecha mbele ya ofisi, kila mtu apite na katambuga zake. Walikuwa arobaini na mbili. Wa saba alikuwa jirani yangu Laurian. Nyumba yake na yangu zinatazamana tangu tulipohamishiwa hapa. Akakanyaga, harage likatokea. Nikapaza sauti, "Basi! Amepatikana!"

Laurian akasema, "Mzee, na hao wengine je?"

"Unatafuta wa kukusindikiza?" nikamjibu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akafungwa kamba, akapelekwa mahabusu mjini. Tangu siku ile wananiita Koplo, nami naitika.

Nisikufiche. Laurian aliwahi kunicheka darasani niliposhindwa kusoma neno ubaoni.

Wiki iliyopita mkewe, Esta, alikuja kwangu na barua ya mumewe kutoka mahabusu. Yeye hajui kusoma.

"Shikamoo, baba. Nisomee. Si wewe ndiye msomaji wetu?"

Nikaweka kidole chini ya maneno kama mwalimu alivyotufundisha. Laurian anauliza hali ya watoto. Anasema paa la jiko liezekwe. Anasema kesi ni mwezi ujao na shahidi ni mimi. Halafu kuna mstari huu: "Mwombeni mzee Yeremia na yeye akanyage majivu." Mstari huo, mpwa wangu, sikuusoma. Niliuruka nikamalizia salamu. Esta akashukuru, akaenda zake.

Alipotoka tu niliingia jikoni nikakanyaga majivu ya mafigani. Harage lilikuwa pale. Kisigino changu mwenyewe.

Nikamfuata Mohamedi, fundi wa katambuga anayekaa mnadani. Alicheka. "Mzee, ndivyo ninavyotengeneza. Nachimba kidogo kisiginoni ili kichwa cha msumari kisilike upesi. Kijiji chenu nimewatengenezea wengi, nitawakumbuka wapi?"

Kwa hiyo mwizi wetu yupo. Labda ndiye anayenipa mkono kila asubuhi, "Shikamoo, Koplo." Siku hizi simtazami mtu usoni, natazama miguu. Juzi nimekuta nyayo zenye pengo zimezunguka nyumba yangu mpaka mlangoni. Nikamwita mke wangu Kristina. Akazitazama akasema, "Si zako hizo, ulivyokuwa unazungukazunguka jana?" Huenda ni zangu. Huenda si zangu. Mimi huyu niliyefuata ng'ombe siku mbili!

Basi kasoro ya Koplo Tamimu ni hii: haogopi. Anamnyooshea mtu kidole, mtu anatiwa pingu, wewe unaandika Mwisho. Hujatuambia kama kesho yake uji ulipita kooni. Mwache aone vitu vidogo, mwache ajisifu, majivuno yake nayapenda. Lakini akishapata anachokitaka, tumbo limkate, aendelee kuwapitisha watu mpaka wa arobaini na mbili, na wa arobaini na tatu awe yeye. Hapo msomaji atamwogopea, na akimwogopea hatakiweka kitabu chini.

Jana nilimwita Esta nikamsomea mstari ule. Nilidhani atapiga kelele majirani waje. Akasema polepole, "Nilijua, baba. Kidole chako kiliruka."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja nione utaniita lini."

Filipo, mwanamke asiyejua a wala be alinipeleleza nimekaa mbele yake. Koplo wako angefaa kumbebea mkoba.

Jumatatu tunapanda lori, mimi na Esta, nikamwambie mkubwa wa polisi kwamba niliishia kwa mtu wa saba. Kristina analia, anasema watanifunga mimi kwa kuidanganya Serikali. Mwenyekiti amenionya nisiaibishe kijiji. Alipokuwa ananionya niliitazama miguu yake. Sisemi kitu. Nimeshasema mara moja na mtu yuko ndani.

Nimerina asali Rungwa na simba akinguruma chini ya mti, sikuogopa hivi. Ukisikia wamenizuia huko mjini, usije ukanitia kitabuni kama mtu asiye na hofu. Andika kwamba magoti yaligongana, na lori nililipanda.

Msalimie mama yako, mwambie kaka yake bado anatembea. Nisalimie Cecilia, Andrea na Melkizedeki. Kristina naye anawasalimu, ingawa hajanisemesha tangu asubuhi. Mungu awafunike nyote, amfunike na Laurian huko alikolala.

Ni mimi mjomba wako ninayekupenda daima,
Yeremia Mughwai