Nusu ya Wimbo wa Baba

Kijiji cha Ujamaa Kwedizinga,
20 Juni 1974

Kaka yangu mpendwa Ernesti,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Tanga pamoja na wifi, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku tunaendelea, ila usingizi umekuwa mgumu kwangu. Shangazi Mwatumu anakusalimu. Bado hutenga kikombe cha baba asubuhi, kisha hukiondoa.

Kaka, unakikumbuka kile kipande kifupi cha muziki wa kodiani ambacho baba alifundishwa na fundi Mcheki kule shamba la mkonge? Alituambia kilitungwa na mwanamuziki wa kwao kutokana na ngoma za wanavijiji wa huko. Huisha hata chai haijapoa. Basi ndicho kinachoninyima raha.

Katibu wetu wa tawi, Ndugu Mdoe, aliamua kwamba Saba Saba vijana wapige gwaride kwa kipande hicho mbele ya wageni kutoka Handeni, maana kimetoka nchi ya kijamaa. Mzee Semboja aliyakumbuka mapigo, akayapiga kwenye ngoma ili wajaribu. Yanakwenda mawili mawili, mara yanageuka matatu. Vijana wakakanyagana visigino. Mama Hajira alisema hilo si gwaride, ni wanawake watatu kwenye kinu kimoja na mmoja kachoka. Tulicheka wote isipokuwa katibu. Alifuta gwaride, lakini akasema kodiani ya baba lazima isikike siku hiyo. Asipopatikana wa kuipiga, itapelekwa wilayani kwa wanaoweza.

Kijiji kizima kikanigeukia mimi. Walisema walikuwa wakimsikia baba dirishani mpaka wiki aliyofariki, na bila shaka alinirithisha. Nikaitikia kwa kichwa. Niliogopa kodiani isije ikachukuliwa.

Nilimwuliza shangazi kama ni vibaya kupiga na matanga hatujaondoa. Akanijibu, "Mwanangu, maiti hasumbuliwi na wimbo wake."

Sasa kaka, nikuambie ambalo baba alinikataza kusema. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekufa tangu mwaka jana. Tulikuwa tukikaa kitandani bega kwa bega, yeye akibonyeza upande wa kulia, mimi nikivuta na kubonyeza vitufe vya kushoto. Nilikuwa nausikia moyo wake ubavuni kwangu. Waliomsikia dirishani walitusikia wawili. Mimi najua nusu ya chini tu. Sauti ya juu ninayo masikioni, lakini vidole havinifuati, na nikijaribu kuiimba mkono wangu hupotea.

Wewe ulikuwa ukiipiga mluzi ukichunga mbuzi, na baba alikuwa akikusahihisha kutoka uani. Njoo, kaka. Kaa kulia kwangu upige mluzi. Usipofika, nitapiga sauti ya chini peke yake, na pale pa baba patabaki kimya, watu wapasikie.

Msalimie sana wifi. Shangazi anasema usisahau koti, huku asubuhi kuna baridi.

Mdogo wako akupendaye,
Rosa