Besi ya Bluu na Rangi ya Mageti

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa woga kidogo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kile kikohozi chako kimekuachia. Sisi huku tu wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, likishapata joto linatulia. Mimi macho yananiwasha kwa ajili ya kuchomelea, lakini kazi ipo na mageti yanatoka, kwa hiyo sina haki ya kulalamika.

Najua simu zangu hupokei, na sikulaumu. Kwa maneno niliyokutumia kuhusu mume wako, hata mimi nisingejipokelea. Ndiyo maana nimekaa mezani na kalamu, jambo ambalo sijalifanya tangu nimalize shule, na barua nitampa jirani yetu muuguzi anayesafiri kuja huko. Tafadhali usiikunje kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka tulivyokubaliana kwenye simu kwamba lile gitaa la besi la marehemu Baba liuzwe, tubadilishe paa kabla halijatuangukia. Tulikubaliana mimi na wewe, tukamaliza. Mume wako ndiye aliyempata mnunuzi, na kusema kweli shaka yangu ilianzia hapo. Nilijiuliza, fundi umeme amemjulia wapi mtu wa magitaa ya kale? Yeye alisema alikwenda kumfungia taa dukani, mazungumzo yakaanza. Nikamjibu sawa, lakini kichwani nikaweka alama.

Mnunuzi alipofika alivaa glavu nyeupe kabla hata hajasalimia vizuri, na tangu siku hiyo sisi tunamwita Glavu. Alitandika kitambaa kwenye kochi, akalitoa gitaa kwenye kasha kama mtu anayemtoa mtoto mchanga kwenye maji. Akaligeuza, akaliangalia kwa tochi mpaka ndani ya matundu ya skrubu. Mume wako alikuwa amesimama nyuma yake akiuliza maswali mengi mno. Mama alikuwa akiingia na kutoka na birika.

Glavu alitueleza kwamba besi za mkono wa kushoto zilitengenezwa chache tangu zamani, kwa sababu wanaozihitaji ni wachache, na mwenye shoto anayetaka ya zamani anaweza kuitafuta mpaka akate tamaa. Hii ya kwetu, alisema, ina kitu kingine zaidi: bado ilikuwa na rangi yake ya kiwandani. Mimi niliona bluu iliyochakaa ikawa karibu kijani, na pale mkono unapoegemea imelika mpaka mbao inaonekana. Nikamwambia kwa moyo mweupe kwamba asiwe na wasiwasi, nina kompresa, nitalipiga msasa na kulipulizia rangi ling'ae kama jipya kabla hajarudi.

Dada, yule bwana alitoa macho utadhani nimesema nitalichoma moto. Akasema nikifanya hivyo nusu ya thamani imekwenda, na pengine zaidi. Watu wake wananunua rangi ya mwanzo pamoja na makovu yake. Likishapakwa upya hakuna anayejua chini kuna nini, ufa au kiraka, au kama kweli ni lenyewe. Yeye binafsi, alisema, akikuta limepakwa rangi anageuza gari. Mume wako akauliza tena, na kama rangi mpya ikiondolewa? Glavu akasema hilo nalo ni balaa jingine. Nikaweka alama ya pili.

Alipoondoka tukiwa tumekubaliana arudi Jumamosi inayofuata, mume wako alinivuta kando akasema labda tumuulize Mama kwanza. Nilimwambia hilo ni jambo la watoto wa nyumba hii. Niliona anataka kuchelewesha biashara. Sikujiuliza kwa nini anataka, nilijua tu kwamba anataka.

Katikati ya wiki nilikwenda kufunga geti upande wa pili wa mji, nikashinda huko. Jumamosi Glavu akaja, tukaketi, nikafungua kasha. Harufu ndiyo iliyotutangulia. Gitaa zima lilikuwa jeusi, rangi nzito iliyopakwa kwa brashi, imechuruzika pembeni ikaganda kama nta, na nyuzi mbili zimenata kwenye mbao. Glavu hakuvaa hata glavu zake. Alisema kwa bei ya kuni anaweza kufikiria, kisha akaona hata hiyo ni kubwa, akaaga.

Rangi ile niliijua. Ni nyeusi yangu ya mageti. Nilipokwenda karakana nilikuta kopo limesogezwa na brashi imeoshwa vizuri kuliko ninavyoziosha mimi. Mtu wa nje hawezi kuingia mle bila kupita uani, na uani kuna chumba cha mume wako, anamolala tangu ulipomwacha kwetu ukaja huko. Nilimuuliza mbele ya Mama. Akasema, "Sijui, shemeji," lakini hakuniangalia. Aliangalia mlango wa jikoni, na mimi nikasema moyoni kwamba anatafuta pa kutokea.

Kuanzia hapo sikulala vizuri na sikula vizuri. Akipokea simu nanyamaza nisikie. Akicheka nauliza anacheka nini. Siku moja nikamwona anakata kona kuelekea mtaa wa maduka ya muziki, na mkononi hana kifaa chochote cha umeme. Kesho yake nikaenda kwa fundi wa magitaa, kale kaduka kembamba ambako shingo za magitaa zimening'inia darini hata unaingia umeinama. Nikamuuliza kama kuna mtu amefika kuulizia besi ya shoto iliyopakwa rangi ya mafuta. Akasema ndiyo, fundi umeme mmoja mpole, alitaka kujua kama rangi inaweza kutolewa bila kuharibu ya chini.

Damu ilinipanda. Hesabu yote ikajipanga kichwani: analipaka ili bei ianguke, Glavu analichukua kwa bei ya bure, wanalisafisha, wanaliuza kwa bei yake na kugawana. Yule fundi alikuwa bado anazungumza lakini nilishatoka. Nikiwa hapo barabarani ndipo nilipokutumia ule ujumbe wa sauti, ule wenye neno ambalo sitaliandika hapa. Kisha nikaenda nyumbani nikamwita mume wako kwa neno lilelile, uani, majirani wakianika nguo.

Alianza kukunja nyaya zake na kuzitia kwenye mfuko wa kazi, moja moja, bila haraka. Ule utulivu wake nao niliuona ni ushahidi.

Hapo ndipo Mama alipotoka, akiburuta goti lake, akasimama mbele ya ule mfuko.

"Mwache mkwe wangu," alisema. "Gitaa nimelipaka mimi."

Dada, nilicheka. Nilidhani anamkinga, unajua anavyompenda. Akanyoosha mkono wake wa kushoto. Chini ya kucha kulikuwa na weusi, na kwenye mikunjo ya vidole. Akasema amesugua kwa mafuta ya taa mpaka ngozi inawaka na bado haitoki. Akaketi juu ya vyuma vyangu vilivyokatwa, akaniuliza swali ambalo nakuuliza na wewe.

"Baba yenu alikuwa akiandika kwa mkono gani?"

Nilisema wa kulia. Ndiyo, wa kulia. Misumari akigongea wa kulia, na vibao akitupiga kwa wa kulia.

"Basi gitaa la mkono wa kushoto lilikuwa la nani?"

Ile picha ya sebuleni, ya Baba amelishika, nimeitazama maisha yangu yote na wewe pia. Baba alikuwa mwimbaji tu. Hakujua kupiga hata uzi mmoja. Picha ilipigwa kwa ajili ya jalada la santuri, na Mama alikuwa amesimama nyuma ya mpiga picha, kwa sababu tumbo la mimba yako lilishaonekana na walisema litaharibu jalada. Wakamwomba atoke. Gitaa likabaki mikononi mwa Baba kwa kuwa lilihitajika likae mahali. Ule mshindo wa chini katika nyimbo zote za bendi, ule tuliokuwa tukiugonga mezani kwa vijiko tukisema Baba huyo, ni Mama.

Nilimuuliza kama Baba ndiye aliyemkataza.

"Hakuna aliyenifukuza," alisema. "Na hakuna aliyeniita tena."

Ulipozaliwa walikuwa wameshapata kijana mwingine wa besi, mwenye gitaa lake la mkono wa kulia. Mama akaambiwa apumzike mpaka mtoto akue. Wewe ukakua, nikaja mimi, nikakua, bendi ikafa. Baba alikuwa akiwaambia wageni kwamba gitaa ni lake, na mwanzoni Mama aliona ni utani. Baadaye utani ukawa ndiyo habari yenyewe, na kuubatilisha kungekuwa kumwaibisha mtu mzima mbele ya watoto wake.

Siku ile ya Glavu alikuwa na birika mlangoni, akasikia yote. Alisikia sisi tumeshauza. Akasikia pia kwamba likipakwa rangi halina thamani. Aliniambia aliona kabisa ni jambo la akili tu: kitu kisicho na bei hakiuzwi, basi akakiondolea bei. Nilipokwenda kufunga lile geti alichukua kopo langu, akalipaka jikoni juu ya magazeti, na alisema lilimuuma kuliko jino. Mume wako alimkuta bombani akiosha brashi. Mama alimwapisha asiseme. Naye akaenda kwa fundi wa magitaa kwa siri, kumtafutia namna ya kulisafisha.

Nilimuuliza kwa nini aliniacha nimtukane mkwe wake. Alisema alijua nitakasirika, lakini hakujua nitamwita mtu kwa neno lile, na aibu ilipomshika ulimi siku ya kwanza, siku ya pili ikawa nzito zaidi. Kisha akaniambia kwamba katika nyumba nzima ni mtu mmoja tu aliyetaka aulizwe.

Nililipeleka gitaa kwa yule fundi mwenyewe, nikasimama mpaka akamaliza sentensi zake zote. Alisema rangi ya mafuta imeshaila ile ya zamani. Ukiiosha kwa thina zinatoka zote mbili, na anayelipaka ili aje alisafishe na kuuza hapati kitu. Kama ningesubiri dakika chache mara ya kwanza, ningeyasikia hayo. Mama akasema asiguse rangi, aweke nyuzi mpya tu.

Sasa linakaa jikoni. Mume wako amelifungia spika ya redio ya zamani. Mama hupiga akisubiri chungu kichemke, gitaa juu ya paja lisilo na goti bovu. Vidole vimekakamaa na anakosea, akikosea anasonya na kuanza upya. Juzi alipiga mpaka mwisho, mimi nikiwa mlangoni na miwani ya kuchomelea usoni, na nikashukuru kwamba miwani ile ni nyeusi. Paa bado linavuja. Nitakata mabati mwenyewe.

Mume wako nimemwomba radhi mbele ya majirani walewale. Alinipa mkono. Lakini alisema ule ujumbe ulikwenda kwako, na tangu siku ile ukizungumza naye unazungumza kama mtu anayepima maneno, kwa hiyo jina lake liko mikononi mwako. Mfuko wake wa kazi ameurudisha chumbani. Hajaufungua. Dada, mimi nipe adhabu utakayo, nitaipokea, ila yeye mpigie simu leo, kabla hujanipigia mimi.

Muuguzi ananisubiri, acha nifunge. Majirani wanakusalimu, hasa wale wa kuanika nguo, ambao wanataka kujua iliishaje. Mama anakusalimu sana na anauliza kama unavaa sweta. Alikuja kuchungulia ninachoandika, akaniambia nikuandikie hivi: "Mwambie mwanangu mumewe si mwizi. Mwizi ni mimi, na nilichoiba ni changu."

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa mageti.