Trauti wa Tatu

Malaba,
8 Juni 1997

Kwako Baba Akeyo,

Pokea salamu zetu. Sisi tuko wazima, ila Akeyo anaota meno mawili kwa mpigo na sijalala vizuri tangu Jumanne. Kifua chako kinastahimili baridi ya Kericho?

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini. Umekata nyuzi nne kwa wiki moja, Ogendo? Ulipoondoka Port Victoria kwa sababu gugu maji limefunga ziwa na mashua hazitoki, ulisema samaki ni samaki, wa ziwani na wa mtoni ni ndugu. Sasa unaona. Mbuta wa ziwani unamvuta mkono juu ya mkono mpaka anaingia kwa mashua. Trauti, huyo wa mtoni, uzi wake wa mwisho ni mwembamba kama unywele. Ukimvuta vile, unakatika na anaenda nao.

Sikiliza, na usinicheke. Kabla hujanioa nilikaa miaka miwili kwa karakana ya Mama Wilkister huko huko Kericho, nikifunga inzi wa kuvulia: ndoano ndogo, uzi, na manyoya ya shingo ya jogoo. Sijawahi kuvua samaki hata mmoja, lakini wavuvi walikuwa wanakuja pale kununua, wanaongea, na masikio ninayo. Samaki akishika, inua tu rodi, hiyo fimbo ya kuvulia, isimame. Iache ipinde. Rodi ndiyo inafanya kazi, si misuli yako. Akikimbia mpe uzi, rili unapozungushiwa izunguke. Akichoka, rudisha pole pole, kama unavyombembeleza Akeyo aachie kijiko.

Na kuna jambo limenikera kuliko hizo nyuzi. Unasema wageni wanaokuja kambini kwenu kuvua kwa starehe wakimshika samaki wanampima, halafu wanamrudisha majini? Samaki mzima? Mimi hapa dagaa wa omena kidogo ninagawa mara mbili, nusu mchana, nusu jioni, na wenzetu wanarudisha!

Umesema mwezi wa nane Zephaniah, mkubwa wa waongozaji wa wageni, atakupima: trauti watatu kwa asubuhi moja, mbele yake. Ukipita unaandikwa kazi na tunapewa nyumba ya familia hapo kambini. Umeniambia ningoje, nangoja. Lakini Akeyo sasa anamwita kila mwanaume mwenye kofia "baba". Jana ilikuwa afisa wa forodha wa hapa mpakani. Fanya bidii.

Ni mimi mkeo,
Mama Akeyo


Kambini, Kericho,
29 Juni 1997

Mama Akeyo mpenzi,

Habari za siku? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo inaumwa. Meno ya mtoto yametoka?

Kuinua rodi nimeelewa. Shida ni kutupa. Huyo inzi hana uzito hata kidogo, ukimtupa anakurudia usoni. Zephaniah anasema hutupi inzi, unatupa uzi, uzi ndio mzito. Sawa. Nikirusha nyuma unashika mti. Nikirusha mbele unaniangukia begani kama kamba ya nguo. Nimetolewa ndoano kwa sikio mara mbili, na mpishi kila asubuhi ananiuliza, "Boss, leo tunavua sikio la kulia ama la kushoto?"

Sasa usikasirike. Alhamisi nilipewa mgeni mmoja mzee nimbebee mkoba. Tulikaa saa tatu nzima, hakuna kitu. Nikamhurumia. Nikakata mti mrefu, nikaenda juu kidogo, nikachapa maji vile tunavyochapa ziwani kufukuza samaki waingie kwa wavu. Nilichapa vizuri, Mama Akeyo. Yule mzee alikunja vitu vyake akaondoka bila kusema neno. Zephaniah ndiye aliongea, kwa niaba ya wote wawili.

Wakati mwingine nafikiri nirudi tu. Gugu maji litaondoka siku moja.

Mumeo,
Baba Akeyo


Malaba,
6 Julai 1997

Baba Akeyo,

Hujambo? Sisi hatujambo, jino moja limetoka. Salamu zimeisha.

Ulichapa maji! Trauti anakimbia hata kivuli cha mtu aliyesimama ukingoni, wewe unampelekea ngoma. Nimekaa na hiyo barua nikajiuliza nicheke au nilie, na sufuria ikaungua.

Nimejaribu mwenyewe hiyo kazi ya kutupa. Nilifunga kamba kwa ufito nikaenda nyuma ya plot hii tunayopanga, Akeyo mgongoni. Jirani yangu Auma akatoka, akaniangalia weee, akauliza, "Mama Akeyo, unachunga ng'ombe gani hao?" Nikamwambia, "Namchunga mume."

Nimegundua hivi. Ukirudisha mkono nyuma, usimamishe karibu na sikio, kama mtu anayepokea simu. Hapo ngoja. Kungoja ndiko usikokujua. Ngoja uzi unyooke wote nyuma yako, ndipo uulete mbele, na mbele pia usimamishe mkono ghafla, usiushushe mpaka chini. Wewe najua unaupeleka hadi mgongoni kama anayerusha wavu. Ndiyo maana miti inakushika.

Halafu huyo samaki mwenyewe. Anakaa akiangalia maji yanakotoka, kwa sababu chakula chake kinateremka na maji. Basi mjie kutoka chini, nyuma yake, ukiwa umeinama. Inzi aangukie mbele yake, ateremke mwenyewe. Uzi usimkokote. Inzi akienda haraka kuliko maji, trauti anajua ni uongo. Na kabla ya kuchagua inzi, geuza jiwe la mtoni uone wadudu gani wanaishi hapo, kisha tafuta kwa boksi anayefanana nao. Wale wa kahawia wenye manyoya ya jogoo mwekundu tulikuwa tunawafunga kwa mamia kwa ajili ya mito ya huko. Anza na hao.

Kuhusu kurudi: gugu maji bado liko. Neno hilo usiniandikie tena. Kila jioni baada ya kazi nenda nyasini, bila ndoano, utupe mara mia. Nakupenda, na mara mia ni mara mia.

Mkeo,
Mama Akeyo


Kambini,
17 Agosti 1997

Mama Akeyo wangu,

Mko wazima? Mimi leo sina ugonjwa wowote duniani. Nimewapata! Watatu, kabla ya saa nne asubuhi! Nyuma nilikuwa nangoja nikisema "A-ke-yo" kwa roho, ndipo naleta mbele, na hakuna mti ulionishika.

Wa tatu ni mrefu kutoka vidole vyangu mpaka kiwiko. Ndiye huyo aliyefungwa kwenye gazeti, nimemkausha kwa moshi. Olinga wa Amagoro, yule dereva wa trela, ameahidi kukukabidhi mkononi. Kwetu ziwani mwanaume hawezi kuvua vizuri halafu nyumbani wakose. Mpe mtoto upande wa tumbo, ni laini.

Habari za nyumba nitaandika.

Mumeo,
Baba Akeyo


Malaba,
24 Agosti 1997

Baba Akeyo,

Salamu nyingi sana leo. Sisi ni wazima na tumeshiba.

Olinga alifika na gazeti lako likinukia barabara nzima. Samaki nilimpika na nyanya. Akeyo alikula mpaka akalala mkono ukiwa ndani ya sahani. Mimi nililia kidogo, na usiniulize kwa nini.

Nimemwambia mwenye plot kwamba tunahama. Meza nimeuza. Kilichobaki ni wewe kuniambia ufunguo utapewa lini. Na swali moja dogo: si ulisema huko kila samaki anarudishwa majini?

Mkeo,
Mama Akeyo


Malaba,
21 Septemba 1997

Baba Akeyo,

Uko mzima? Ni wiki nne sasa. Mwenye plot anauliza, Auma anauliza, mimi nauliza, na ukuta haujibu.

Mama Akeyo


Kambini,
12 Oktoba 1997

Mama Akeyo,

Natumaini hamjambo. Mimi ni mzima, ni aibu tu.

Zephaniah alihesabu wawili. Alisema samaki aliyekufa hayumo kwenye hesabu, na mwongozaji anayeua samaki wa kambi hawezi kuachiwa wageni. Sheria niliijua. Huyo wa tatu nilikuwa nimemshika ndani ya maji, mikono imelowa vile inavyotakiwa, nikawa namwachilia kabisa. Halafu nikakumbuka barua yako, ile omena ya nusu mchana na nusu jioni. Mkono ukafunga wenyewe.

Sasa nakata nyasi na kuwasha moto wa maji ya wageni. Nalala chumba kimoja na wenzangu watatu. Kupimwa tena ni mwezi wa tatu. Nyumba hakuna. Kila Jumapili nilishika kalamu nikashindwa.

Ngojeni kidogo tu.

Mumeo,
Baba Akeyo


Malaba,
19 Oktoba 1997

Baba Akeyo,

Salamu. Tuko wazima, na tumechoka.

Kwa hiyo mtihani wako uliufunga kwa gazeti ukanitumia, na mimi nikautia nyanya.

Nimekasirika siku tatu. Siku ya kwanza kwa sababu ulimuua. Ya pili kwa sababu ulinyamaza wiki nane, meza nimeuza na tunakulia sakafuni. Ya tatu nikakumbuka ni nani aliyeandika habari za omena. Basi, kosa la samaki tugawane, nusu yangu naichukua. La kunyamaza ni lako lote.

Ngojeni, unasema. Ogendo, tangu mwezi wa tano mimi nangoja nyumba itoke mdomoni mwa trauti, na kumbe kazi iko kwenye vidole vyangu. Ulipokuwa kimya nilimwandikia Mama Wilkister. Yeye alijibu kwa wiki moja. Naanza kufunga inzi mwezi wa kumi na moja, na nyuma ya karakana kuna chumba, kimoja, mlango wake mpaka uuinue ndipo ufunge. Si nyumba ya kambi. Watatu tutaenea.

Mwezi wa tatu utapimwa tena, na wote watatu watarudi majini hata kama mmoja ni mkubwa kama mashua. Mpaka hapo, jioni ukimaliza nyasi zako unakuja nyumbani kama watu wengine.

Tutashuka stendi ya Kericho Jumamosi tarehe 25. Uwepo. Ninayo mengine mengi ya kukugombeza, lakini hayo ni ya uso kwa uso.

Barua hii usiijibu. Hapa Malaba hakutakuwa na mtu wa kufungua jibu lako.

Mkeo,
Mama Akeyo