Gurudumu la Kigari cha Nyevu

Ukunda

Baba Mwero, mume wangu,

Nakuamkia kwa heshima, nikiomba barua hii ikukute na afya, wewe na mama na mifugo. Je, mvua imenyesha huko Taru, au bado mnawapeleka ng'ombe mbali kutafuta maji? Na kifua chako? Usilale nje kuvizia fisi, tafadhali. Sisi huku tupo, Mungu ametuacha hai, lakini mambo si mazuri.

Ndugu yako aliniletea maneno yako, kwamba Nyevu arudishwe nyumbani na kigari kiuzwe. Nimeyasikia. Kwa simu nilishindwa kukujibu kwa sababu tunakaa chumba kimoja na Nyevu anasikia kila kitu. Ndiyo maana nimeandika, ingawa shule yangu unaijua ilipoishia. Soma polepole, usikasirike kabla hujafika mwisho.

Wewe unajua kwamba kile kigari kilichofungwa ubavuni mwa pikipiki ya Mwero ndicho miguu ya mtoto wetu. Yeye hajawahi kusimama kwa miguu yake, na bila hicho hafiki Msambweni kujifunza cherehani. Basi pikipiki ilianza kuvuta kushoto, upande wa kigari. Mwero akadhani ni upepo, akajaza. Ikaendelea kuvuta. Akaona kigari kimelala upande mmoja, akasema shokapu imekufa, ile springi inayomeza mashimo. Akatafuta nyingine iliyotoka kwenye tuktuk, ngumu kama jiwe. Sasa kigari kikawa kinaruka kila penye tuta. Nyevu akirudi ananiambia, "Mama, leo nimepepetwa kama mahindi kwenye ungo." Tunacheka. Kisha gurudumu likaanza kulia. Wenzake wa stejini wakamtania, "Mwero, siku hizi unasaga unga?" Akapaka grisi kwa nje, mlio ukapungua, akaridhika.

Usimkasirikie, Baba Mwero. Huku maji matamu tunanunua kwa mtungi, na vijana wa bodaboda wote huziosha pikipiki zao baharini. Ijumaa kabla ya swala wanashuka pamoja, wanaziingiza mpaka magurudumu yanazama, wanasugua huku wakirushiana maji. Mtoto aliyekulia kwenye vumbi la Taru, akiona maji mengi namna ile na hakuna anayemkataza, ungetaka afanye nini?

Karibu na Gazi gurudumu la kigari likakamata ghafla, halafu likang'oka. Kigari kikapinduka mwanangu akiwa ndani. Alitanguliza mkono wa kulia na mfupa umevunjika kwenye kifundo cha mkono, hapo penye kuvalia bangili. Daktari amemtia plasta. Anasema vidole vitarudi, ila hajui kama vitarudi vyote. Ndio mkono anaoshikia mkasi. Mwero yeye alichubuka tu, na hilo ndilo linalomla. Nikimpa chakula anakizungusha kwenye sahani.

Fundi Salim, jirani yetu, alifungua lile gurudumu mbele yetu akamwagia Mwero kiganjani unga mwekundu wa kutu.

"Hii ndiyo beringi yako, mwanangu, ile inayozungushia gurudumu. Kule kuvuta, kule kulala, kule kulia, kote kulitoka hapa. Wewe ulikuwa unampa mgonjwa dawa ya kikohozi, kumbe mapafu yameoza."

"Ningejuaje, fundi?"

"Ungelinyanyua gurudumu ukalitikisa kwa mikono. Likicheza, basi limekwisha. Na maji ya chumvi waachie samaki."

Ametia beringi mpya na ekseli mpya, ameitoa ile shokapu ya tuktuk akaweka laini, amevinyoosha vyuma vilivyopinda. Nikapanda mimi mwenyewe, na uzito wangu unaujua, mpaka Gazi na kurudi. Hakivuti, hakilii. Nilishika ubavu wake njia nzima nikiomba kila ombi ninalolijua.

Lakini Nyevu hataki kukipanda. Tulipomwinua mara ya kwanza alining'ang'ania shingoni, tukamrudisha ndani. Kisha juzi akasema, "Niwekeni ndani, lakini Mwero asiwashe." Tukamweka. Akakaa pale mlangoni, injini imezimwa, mkono wa plasta kifuani, watu wanapita wanamsalimu. Jana akasema tena, "Sukumeni." Tukasukuma kwa mikono, mimi nyuma, Mwero kwenye usukani, hadi dukani na kurudi. Mgongo unaniuma hata sasa. Watu walitucheka. Yeye alifumba macho njia nzima, lakini hakusema turudi.

Tumefika hapo tu. Mafunzoni wamesema watamwekea nafasi yake kwa muda, si milele.

Nisalimie mama mkwe, ila habari ya mkono usimsomee, moyo wake hauwezi. Msalimie mke wa jirani anayenikamulia mbuzi, na wifi yangu mwenye mapacha, na ndugu yako uliyemtuma.

Baba Mwero, usije kumchukua. Nikimrudisha sasa, hatatoka tena mlangoni maisha yake yote, nami namjua. Ukiweza kuacha ng'ombe kidogo, uje. Uje utusaidie kusukuma.

Ni mimi mkeo anayekuwaza,
Mama Mwero